Shikamoo Katikati ya Raundi

Mliponiaga pale ukumbini mlinipa jezi yenye jina langu mgongoni, mkaniomba niandike machache niliyojifunza kazini ili maafisa michezo wanaonifuata wasome. Jezi hainipiti kichwani. Maandishi ndiyo haya. Habari za madaraja na mishahara naziruka, maana kila mtumishi anazo na zinafanana kama sare za shule. Nitaandika habari za ngumi, kazi niliyopewa bila kuiomba na niliyoiacha nikilia mbele za watu.

Kwa wasionijua, naitwa Leokadia. Nimezaliwa Biharamulo na nimeolewa Bukiriro, wilayani Ngara, na jambo hilo lilinisumbua kazini kuliko malaria. Wilaya hizi mbili zilipokutana ulingoni, bondia wa Ngara akishindwa, watu wa Ngara walikumbuka kwamba mwamuzi ni mtoto wa Biharamulo. Akishindwa wa Biharamulo, ndugu zangu walikumbuka kwamba mwamuzi ni mke wa watu Bukiriro. Sijawahi kurudi nyumbani nikiwa mtu wa mahali popote.

Nilianza nikiwa mwalimu kijana, nafundisha wasichana netiboli. Siku moja mkuu wa idara alifika shuleni na gunia la glavu kuukuu zilizoletwa kutoka mkoani.

"Madam, Jumamosi utachezesha ngumi."

"Mimi? Sijawahi hata kuziona zikichezwa."

"Lakini filimbi unayo."

Hoja hiyo ilimtosha. Jumamosi nikapanda ulingoni na sketi yangu ya netiboli, filimbi shingoni. Ngumi ya kwanza ilipotua nikapuliza kwa nguvu zangu zote, maana kwangu ile ilikuwa rafu. Nikawaita wote wawili katikati, nikamtaka aliyepiga amwombe radhi mwenzake. Akamwomba, tena kwa adabu. Watu walicheka mpaka ng'ombe waliokuwa wanapitishwa kwenda mnadani wakasimama kuangalia.

Aliyeniokoa ni Mzee Barnaba, mwanajeshi mstaafu aliyejifunza ngumi jeshini na aliyekuwa akiwafundisha vijana nyuma ya ghala la kahawa. Alipanda ulingoni, akanivua filimbi shingoni mbele ya umati, akaitia mfukoni. Sijarudishiwa mpaka leo, na yeye ameshatangulia mbele ya haki. Kuanzia Jumatatu yake alinifundisha kila jioni. Alinifundisha kusema "piga," "simama" na "achaneni" kwa sauti ambayo mtu aliyevimba masikio ataisikia. Na alinifundisha jambo moja ambalo nalirudia kwenu, kwa sababu halimo kwenye kitabu chochote cha kanuni nilichopewa.

"Madam, ngumi waachie watazamaji. Wewe angalia magoti. Mtu anaanza kuanguka magotini, kichwa kinapata habari baadaye."

Vifaa vyetu mkiviona leo mtadhani natania. Kengele ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti, ikigongwa kwa bolti. Nguzo za ulingo zilikuwa mikaratusi, kamba za katani. Sakafu tulimwaga maganda ya kahawa, tukayafunika kwa turubai zilizobaki kwenye kambi ya Benaco wakimbizi walipoondoka. Ilikuwa sakafu laini, lakini baada ya mapambano mawili matatu maganda yalikuwa yanajitafutia makazi mapya, na ulingo ukawa na vilima na mabonde kama wilaya yenyewe. Kupima uzito tulitumia mizani ya kahawa ya ushirika. Karani wa mizani alikuwa mtu mwaminifu mno, na kwa mazoea ya kazi yake alimpunguzia kila bondia uzito wa gunia. Nilimweleza kwamba hawa hawajavaa magunia. Akanijibu kwamba utaratibu ni utaratibu. Kwa hiyo mabondia wote wa Ngara wa miaka ile walikuwa wazito kidogo kuliko walivyojijua.

Sasa niwatambulishe mabondia wawili, kwani habari yangu yote ni yao. Wa kwanza ni Sabas, kijana wa Keza, huku Ngara, mkulima wa kahawa na maharage, mpole, mwenye heshima za kupitiliza. Alikuwa hawezi kumpita mtu mzima bila kumwamkia, na alikuwa hawezi kuamkiwa bila kuitikia, hata akiwa mtini anavuna parachichi. Wa pili ni Kulwa wa Biharamulo, mrefu, mwenye maneno mengi, aliyekuwa akipakia mizigo pale stendi. Kulwa alipigana huku akizungumza. Alikuwa anakuambia ngumi itatua wapi, na kweli ilitua hapohapo.

Walikutana Benaco, miaka michache baada ya kambi kufungwa. Malori yalipaki pande zote mbili za barabara, madereva wamekaa juu ya mabodi, na Keza nzima ilishuka kumtazama kijana wao. Walikuja pia na machela. Wageni wa kwetu lazima niwaeleze hapa. Vijiji vya Ngara vina vyama vya machela. Wenyewe wanaiita ingobyi: kitanda cha kusukwa kilichofungwa kwenye miti miwili, cha kumpeleka mgonjwa hospitali mahali ambapo gari halifiki. Kila kaya inatoa mbebaji. Ukibeba wenzako, nawe utabebwa; usipobeba, siku mkeo akishikwa na uchungu wa kujifungua usiku wa mvua utajua mwenyewe. Na mgonjwa akishapandishwa, hashushwi njiani. Wabebaji wanapokezana mabega wakitembea, machela haigusi ardhi mpaka kule mgonjwa anakopelekwa. Kuiweka chini kabla ya hapo ni kama mmemkatia tamaa.

Raundi ya pili Kulwa alimwambia Sabas, "Hii ya kushoto, chini ya sikio." Ikaenda kushoto, chini ya sikio. Niliona magoti yake yakiaga kabla yake. Nikahesabu mpaka mwisho, Sabas amelala juu ya turubai, uso umetulia, utadhani yuko kwao kitandani. Tabibu alimpima, akasema hana neno, ni usingizi wa ngumi tu, mpelekeni nyumbani akapumzike.

Neno "nyumbani" lilimfikia Mzee Melkiadi, mwenyekiti wa chama cha machela cha Keza, wakati huo akiwa bado kijana wa mabega mapana. Wakampandisha Sabas, wakaondoka naye kwa wimbo. Kilima cha kwanza hawajakimaliza, Sabas akaamka. Akakaa kitako juu ya machela, na bukta yake ya ngumi na glavu mkononi, akasema, "Nishusheni, mimi mzima!"

"Mugonjwa hajui kama ni mugonjwa," akajibu Melkiadi, kwa lafudhi ya Keza inayogeuza l kuwa r. "Turia, Sabas. Rara."

Wakambeba hivyohivyo mpaka Keza, milima yote, wakipita katikati ya gulio siku ya gulio, yeye akipiga kelele juu ya mabega ya watu kwamba yuko salama. Kila aliyekuwa anauza nyanya alisimama kumtazama. Siku ileile watu wakampa jina la Mzigo, na jina hilo halikumtoka tena. Watoto waliozaliwa miaka mingi baadaye, ambao hawajui hata kwamba aliwahi kuvaa glavu, walikuwa wakimwamkia njiani, "Shikamoo Mzee Mzigo," kwa heshima zote, wakidhani ndilo jina la ubatizo. Naye aliitikia marahaba, maana hakuweza kutoitikia. Nimemwona akiitikia, na usoni ungedhani anameza kwinini.

Ngumi aliziacha. Na jambo ambalo watu wa Keza hawakulipenda ni kwamba aliacha pia kubeba. Alisema hatagusa machela maisha yake, na hakuigusa. Akawa mtu wa pembeni katika kijiji alichozaliwa. Msibani alikaa nyuma, kwenye pombe ya ndizi alikunywa haraka akaondoka. Mkewe, Mama Yustina, aliniambia siku moja gulioni kwamba anaogopa kuugua.

Naruka miaka mingi hapa. Nilifundisha, nikawa afisa michezo wa wilaya, nikachezesha mapambano ambayo hayana habari. Nywele zikawa nyeupe. Ndipo, miezi michache kabla sijastaafu, kata ya Keza ikataka kujenga bweni la wasichana, na diwani akaja ofisini kwangu na wazo.

"Madam, turudishe wale wazee. Mzigo na Kulwa. Pambano la maonyesho. Watu watajaa."

"Wana umri wa kuwa na wajukuu."

"Ndiyo maana watajaa."

Kulwa nilimpigia simu. Sasa alikuwa na duka la vipuri pale Biharamulo, ana gari dogo na tumbo kubwa, na mdomo uleule. "Dada yangu, mwambie anunue mto mapema," akasema. Sabas nilimfuata Keza kwa pikipiki. Nilimkuta anapalilia kahawa. Aliniamkia, akanikaribisha, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaegemea jembe.

"Madam," akasema, "kushinda sitaki. Nataka nitoke ulingoni kwa miguu yangu, watu wa Keza wakiniona. Hilo tu. Na ile machela isionekane pale uwanjani."

Nikamwambia haitaonekana. Nilimwonea huruma, na pia nilimwonea fahari, maana ni mara chache mtu anakuja kwa afisa michezo akiwa anajua hasa anachotaka.

Alianza mazoezi. Alikimbia alfajiri kwenye njia za Keza, na waendesha bodaboda wakawa wanasimama kumuuliza anakwenda wapi, wampakie. Kila mara ilibidi aeleze kwamba haendi popote. Aliruka kamba kwa kamba ya mbuzi, na mbuzi akatumia nafasi hiyo kula mboga za jirani.

Kamati ya ujenzi nayo ilikaa kujadili kiingilio. Wakakubaliana kwamba kila mtazamaji aje na tofali moja la kuchoma. Kura zilipigwa, makofi yakapigwa, mimi nikiwemo nikapiga. Niliwaza bweni. Hakuna hata mmoja wetu kwenye kamati ile aliyewaza kwamba tumewaagiza mashabiki wa ngumi, kutoka wilaya mbili zenye ugomvi, waje kila mtu na tofali mkononi. Hilo nililiona siku yenyewe, nilipofika uwanja wa shule na kukuta mstari wa watu unapinda mpaka barabarani, wote wamebeba silaha. Tukamweka mgambo getini akusanye. Lundo likawa kubwa kiasi kwamba vijana wakapanda juu yake kutazama, na kwa hiyo matofali yakawa jukwaa. Wa Biharamulo walikuja kwa malori mawili, matofali yao wameyaandika kwa chokaa: KULWA.

Asubuhi ileile gari la wagonjwa tuliloahidiwa likaitwa kumfuata mama mjamzito upande wa pili wa wilaya. Kanuni iko wazi, na ninyi mnaonisoma muishike: bila njia ya kumbeba majeruhi hakuna pambano. Nilikuwa natafuta pikipiki ya matairi matatu nilipomwona Mzee Melkiadi anaingia na vijana wake, machela begani, amevaa koti la Jumapili.

"Nimesikia gari rimeondoka," akasema. "Sisi tupo."

Sasa nifanyeje? Nikaichukua, nikaisukuma chini ya meza kuu, nikashusha kitambaa cha meza mpaka majanini. Mgeni rasmi alikaa pale mchana kutwa ameweka viatu vyake juu ya machela bila kujua, na aliniambia baadaye kwamba meza ilikuwa imeandaliwa vizuri.

Tulipima uzito kwa mizani ileile ya kahawa. Karani wa zamani hayupo, ni kijana wake. Akawapunguzia uzito wa gunia. Sikusema kitu. Kulwa alipoona tarakimu aliomba wampunguzie magunia mawili.

Wakapanda ulingoni. Nimechezesha miaka mingi na sijawahi kusikia umati ukicheka namna ile. Bukta za siku hizi zinakaa juu, na matumbo yao yalikuwa yamekaa juu ya bukta. Kulwa alizungushiwa taulo na akalipoteza kati ya mikunjo. Lakini nilipogeuka nikaona upande wa wazee wenzangu, wale waliokuwepo Benaco, hawakuwa wanacheka. Bibi mmoja alikuwa amejifunika mdomo kwa khanga analia. Nadhani alikuwa anajilia mwenyewe, na mimi nilikuwa karibu kumfuata.

Rimu ikagongwa. Raundi ya kwanza walizungukana kwa adabu, wakigusana kama watu wanaopima joto la chai. Vijana wakaanza kuchoka. Na hapa ndipo nilipoona jambo ambalo halijaandikwa kwenye kanuni yoyote. Vijana wetu wamelelewa vizuri, hawawezi kumzomea mtu wa umri wa babu yao hivihivi. Kwanza wanamwamkia.

"Shikamoo mzee! Lakini hujui kupiga!" akapaza mmoja kutoka juu ya matofali.

Sabas akageuza kichwa kule sauti ilikotoka. "Marahaba," akasema, kwa shida, na kinga ya meno mdomoni. Pa! Kulwa akampiga ya shavu.

Uwanja ukalipuka. Sabas akarudi nyuma, akatikisa kichwa, akainua mikono. Kijana mwingine wa Biharamulo, ambaye naamini atafika mbali kwenye siasa, alikuwa ameshaelewa.

"Shikamoo Mzee Mzigo!"

"Mara..." Pa!

"Shikamoo baba!"

"...haba." Pa!

Kufika mwisho wa raundi malori mawili ya Biharamulo yalikuwa yanaamkia kwa pamoja kama darasa la kwanza mgeni anapoingia, na Sabas anaitikia kila salamu na kupokea ngumi kwa kila itikio. Nikamfuata kwenye kona yake.

"Sabas, usiitikie!"

"Madam, ni watoto. Wameniamkia."

"Wanakuua!"

"Najua. Lakini wameniamkia."

Nikachukua kipaza sauti. Nikatangaza, kwa mamlaka niliyopewa na wilaya, kwamba ni marufuku kumwamkia bondia wakati raundi inaendelea, na kwamba atakayetoa shikamoo atatolewa nje. Mwalimu mkuu wa shule ile alishika kichwa. Wazee wakanung'unika kwamba sasa dunia imefika mwisho.

Raundi ya pili Sabas, akiwa amelindwa na sheria, alianza kuonekana. Mguu wake wa zamani ulirudi. Alimgusa Kulwa tumboni mara kadhaa, mahali pasipoweza kukosewa, na Kulwa akaacha kuzungumza. Mimi naogopa mtu wa maneno akinyamaza. Lakini walikuwa wamekubaliana ni maonyesho, kwa hiyo Sabas alipunguza mkono, na umati ukaona amepunguza.

"Wanatudanganya!" mtu akapaza sauti. "Huu ni mchezo wa kuigiza!"

"Turudishieni matofali yetu!"

Kilio hicho kikaenea. Watu wa Ngara na Biharamulo, ambao sijawahi kuwasikia wakikubaliana jambo, walikuwa wanaimba pamoja, "Matofali! Matofali!" Mgambo akapanda juu ya lundo, akafungua mikono kama kuku anayetetea vifaranga. Diwani alinitazama. Mimi nikatazama magoti, maana ndiyo kazi yangu.

Na kwenye raundi ya mwisho niliyaona. Maganda ya kahawa yalikuwa yamehama, pamebaki shimo karibu na kona ya bluu. Kulwa akarudi nyuma, kisigino kikaingia shimoni, goti la kulia likapinda kwenda upande ambao goti halina shughuli. Uso wake ukajua baadaye, kama Mzee Barnaba alivyosema. Mikono ikashuka. Sabas alikuwa mbele yake, ngumi ya kulia imeshavutwa nyuma, kidevu cha Kulwa kiko wazi kama mlango wa kanisa, na Keza nzima imesimama.

"Mmalize! Mzigo, mlaze!"

Alikuwa amesubiri miaka yote ile. Niliona jinsi alivyomtazama, na niliona anakumbuka. Kisha akafungua mikono, akamkumbatia. Akapitisha glavu zote mbili chini ya kwapa za Kulwa, akamshikilia, mguu mmoja wa Kulwa ukining'inia.

Kazi ya mwamuzi mabondia wakikumbatiana ni kusema "achaneni." Nikasogea.

"Madam," Sabas akaninong'oneza juu ya bega la Kulwa, "usituachanishe. Nikimwachia ataanguka. Naye watu wake wote wapo."

Kulwa alikuwa amefumba macho. "Dada," akasema polepole, "fanya kama hujatuona."

Sikusema "achaneni." Nikawazunguka, nikijifanya nakagua. Wakabaki wameshikana, Sabas akimsogeza taratibu kushoto na kulia ili ionekane wanapigana, na waliokaa mbali waliona wanaume wawili wazima wanacheza muziki wa taratibu. Makelele ya matofali yakapungua. Wale wa mbele walikuwa wameliona goti, wakawaambia wa nyuma, na uwanja ukanyamaza safu kwa safu. Mpiga kengele naye alikuwa ameduwaa, bolti mkononi. Ilibidi mimi mwenyewe nimpigie kelele agonge.

Nikainua mikono ya wote wawili: sare. Hapo nikaanza kulia, na sikujificha.

Keza ikavamia ulingo. Walikuwa wamefurahi, na watu wa kwetu wakifurahi wanabeba. Vijana wakamkamata Sabas miguu, wamwinue juu kwa juu, wamzungushe uwanja.

"Msinibebe!" akapiga ukelele. Aliruka, akakumbatia nguzo ya mkaratusi kwa mikono yote miwili. "Niacheni! Nakwenda kwa miguu! Kwa miguu!"

Wakavuta. Hakuachia. Nusu ya mwili wake ilikuwa hewani kama nguo kwenye kamba, nusu imeng'ang'ania nguzo, na nikaona yale anayoyaogopa yanataka kumrudia, safari hii kwa upendo. Nikawapiga vijana kwa taulo, kanuni au si kanuni, mpaka wakamwachia.

Alisimama. Akapumua. Akamtazama Kulwa aliyekaa kwenye stuli ya kona, goti limeshavimba. Kisha akanigeukia mimi.

"Madam, leta ile machela uliyoificha chini ya meza."

"Umeijuaje?"

"Mzee Melkiadi alipita na koti la Jumapili. Huyu hawezi kuvaa koti lile bila machela."

Tukamwomba mgeni rasmi aondoe miguu. Machela ikaletwa, Kulwa akapandishwa huku anapinga. Wabebaji wa Keza wakashika nafasi zao, na Sabas, bado na bukta yake, glavu tumeshamvua, akaenda mbele kushoto akasimama mbele ya kijana aliyekuwa anainama kushika mti.

"Niachie hapo."

Kijana akamtazama mwenyekiti wake. Mzee Melkiadi alimtazama Sabas kutoka viatu mpaka kichwani.

"Umekaa muda murefu," akasema.

"Najua, mzee."

"Bega rimesahau."

"Litakumbuka njiani."

Melkiadi akamwashiria kijana apishe. Sabas akainama, akatia bega chini ya mti, wakanyanyua.

Zahanati iko ng'ambo ya kilima. Wakaelekea getini na wimbo uleule. Gari la Kulwa lilikuwa limepaki palepale getini, safi, limeoshwa asubuhi. Wakalipita.

"Jamani, gari langu hilo hapo!" akalia Kulwa, amekaa kitako juu ya machela, amenyoosha kidole. "Dereva wangu yumo! Nishusheni, mimi mzima!"

Sabas hakugeuka. Nilikuwa natembea pembeni yake na nilimwona anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Tulia, Kulwa," akasema. "Mgonjwa hashushwi njiani. Lala."

Walipofika usawa wa lile lundo la matofali, vijana wote wa pale juu walikuwa kimya. Nadhani walikuwa wanakumbuka tangazo langu la marufuku. Kisha msichana mmoja, wa wale watakaolala kwenye bweni lile, akauliza jirani yake jambo, akajibiwa, akapaza sauti.

"Shikamoo Mzee Sabas!"

Wengine wakapokea, wa Ngara na wa Biharamulo, wote kwa pamoja, shikamoo Mzee Sabas. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika mti, kidevu kiko wazi, hana kinga ya meno wala kitu.

"Marahaba," akaitikia, na hakuna aliyempiga.